Santuri ya Alumini ya Bi Corinne

Nimekabidhi kila kitu isipokuwa mto wa kukalia. Ufunguo wa stoo, kadi ya mlangoni, glavu za pamba na birika la chai lenye ufa, vyote sasa ni vya Wanjiku. Mto niliusahau kitini, na kesho yake nikapanda treni kuufuata, maana mgongo wangu ulikuwa haujaambiwa kwamba nimestaafu.

Wanjiku ndiye aliyechukua nafasi yangu, na ndiye aliyenitaka niandike. Ana wenzake Nairobi, Dar na Tanga, vijana wanaohifadhi kanda na santuri za zamani, nao huulizana maswali kwa simu kutwa. "Auntie Sakina, waandikie," akaniambia. "Na iwe Kiswahili, please. English yako ya ripoti inalaza watu." Basi nawaandikia ninyi, wanangu. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Cheo changu kilibadilishwa jina mara tano na kiti kikabaki kile kile. Nitawaeleza kazi yenyewe, na santuri moja iliyonikaa rohoni karibu miaka thelathini.

Nilikuja Toronto kutoka Tanga nikiwa na mume, mtoto wa miaka mitatu na bisibisi mbili. Nyumbani nilikuwa nikitengeneza redio na tepurekoda katika karakana ya kaka yangu. Kwa hiyo mume wangu alipoona tangazo la jengo moja la kuhifadhi kumbukumbu, lililotafuta mtu wa kusafisha na kunakili santuri kuukuu, alilikata gazetini akalibandika kwenye friji. Likakaa hapo mpaka nilipopiga simu, kwa sababu kila nilipofungua friji kutafuta maziwa lilikuwa linanitazama.

Tulikuwa tukikaa Agincourt, pembezoni mwa jiji. Siku ya kwanza nilipanda basi, kisha treni ya chini kwa chini, nikafika nusu saa kabla ya wakati na vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nikaelekezwa kwenye chumba kilicho chini ya usawa wa barabara, kisicho hata na dirisha. Humo nikamkuta Bwana Anselm, mtu mrefu wa kutoka Grenada, sweta lake limetoboka viwikoni, na lenzi ndogo ya sonara imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakuuliza vyeti. Alinipa santuri moja akaniuliza naona nini.

"Santuri," nikasema. "Nyeusi."

"Sawa. Angalia tena."

Nikaangalia tena. Ilikuwa bado ni santuri, na bado nyeusi. Akaivuta taa imulike kutoka ubavuni, akanivisha lenzi, ndipo nilipoona mifereji, ile njia nyembamba ya sindano, imepinda na kutetemeka huku na huku, na kila mtetemo ni sauti ya mtu. Akanionyesha mahali palipochujuka kuwa kijivu. "Hapa ndipo walipopapenda," akasema. "Mtu aliurudia wimbo hapa mpaka sindano ikalamba sauti yote." Kanuni yake ilikuwa moja, na aliisema kila asubuhi badala ya salamu: macho kwanza, sindano baadaye.

Wiki ya pili nilimwonyesha ufundi wa Tanga. Kule tulikuwa tukisafisha tepurekoda kwa pamba na spiriti, nami nikaona santuri moja ina uchafu, nikachovya pamba kwenye spiriti nikaisugua vizuri sana. Pamba ikageuka nyeusi. Nikafurahi, nikachukua nyingine, nayo ikageuka nyeusi zaidi. Bwana Anselm alipopita nilikuwa nimeshafuta nusu ya wimbo. Santuri kuukuu kama zile zilitengenezwa kwa gundi itokanayo na wadudu, na gundi hiyo huyeyuka kwa spiriti kama sukari kwenye chai. Hakunigombeza. Aliniletea maji yaliyochujwa na sabuni laini, akaniambia tunayo nakala ya pili ya santuri ile, kisha akaificha chupa ya spiriti mahali ambapo mpaka leo sijapajua.

Sehemu kubwa ya mali yetu ilitoka Marekani, miaka ya ishirini ya karne iliyopita, wakati jazi ilipokuwa mpya na inawatia wazazi wazimu. Santuri zililetwa Toronto na wahudumu wa mabehewa ya kulala, wanaume weusi waliotandika vitanda na kung'arisha viatu vya abiria kwenye treni za kwenda Chicago na New York. Majirani zao waliiheshimu kazi hiyo. Abiria wengi waliwaita wote kwa jina moja, kwa sababu hawakuona haja ya kujua la pili. Mhudumu alishuka na santuri tatu zimeviringishwa ndani ya mashati, na kabla wiki haijaisha mtaa wake mzima umeshajua mtindo mpya wa kucheza.

Pamoja na santuri tulikuwa na kanda za mazungumzo na wazee waliokuwa vijana siku hizo, na hizo ndizo zilizonifanya niipende kazi. Walisimulia jinsi watu walivyotoka kusini, kwenye mashamba ya wengine, wakaingia Chicago kwa maelfu. Huko walikuta kiwanda, chumba cha kupanga, kura ya kupiga na ukumbi wa dansi kila Jumamosi. Si kwamba ubaguzi uliisha. Zilikuwako kumbi ambamo weusi walipiga muziki wote na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kukaa mezani. Lakini mambo yalikuwa yamechemka. Mama mmoja alisimulia kwamba alikata nywele zake kwa kinyozi wa kiume, na baba yake akakataa kusema naye miezi minne. Alizungumza naye kupitia paka. "Mwambie huyo anipitishie chumvi," alimwambia paka. Mwingine alisimulia habari za shemasi aliyehubiri kwamba gramafoni ni mlango wa motoni, mpaka alipokutwa nyuma ya kanisa mguu wake mmoja ukifuata mdundo.

Nilikuwa nikisikiliza nikicheka peke yangu mle chini, kwa sababu shemasi yule nilikuwa nikiishi naye nyumba moja. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa ibada, na tarumbeta kwake ilikuwa balaa. Walipomuuliza msikitini mke wa mwanawe anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko kwenye kumbukumbu za wazee." Hakusema uongo. Hakutaja muziki, basi. Siku moja nilikuwa nimekuja na kanda ya kazi nyumbani, nikaiacha ikiendelea sebuleni, na nilipoingia jikoni nikamkuta anakoroga mchuzi, mwiko unafuata mdundo barabara. Nikarudi nyuma kimyakimya. Yeye naye alijua kwamba nimemwona, na tukaishi kwa heshima kubwa tangu hapo.

Sasa Bi Corinne. Alikuja mwaka wangu wa kwanza ulipokuwa unakwisha. Bwana Anselm alikuwa amesafiri Grenada kumzika dada yake, na kwa wiki tatu nilikuwa peke yangu na kichwa kimeanza kuvimba. Alikuwa mama wa miaka sitini na saba, kofia ya zambarau, amekumbatia foronya. Ndani ya foronya mlikuwa na santuri ya alumini tupu, haina karatasi wala maandishi, inang'aa kama sinia dogo la chai. Za namna hiyo zilirekodiwa vibandani, kwenye viwanja vya burudani na maduka makubwa. Mtu aliingia, akasema mbele ya kipaza sauti, na mashine ikaichora sauti yake pale pale kwenye bati.

"Ni mama yangu," akasema.

Akanieleza. Mama yake alitoka kusini mwa Marekani, akafika Chicago, akaolewa na mhudumu wa treni wa Toronto. Alimzaa Corinne, na kabla mtoto hajatimiza miaka miwili mama akafa kwa homa ya mapafu. Baba alikuwa njiani siku zote, kwa hiyo mtoto alilelewa na shangazi yake, mtu mkali wa kanisa, ambaye hakuacha hata picha moja ya mama ukutani. Alichomwachia mtoto ni sentensi moja: mama yako alipenda dansi kuliko alivyokupenda wewe. Santuri ile mama aliirekodi Chicago, walipokwenda kutembea, akaituma kusini kwa mama yake mzazi badala ya barua. Bibi kizee hakuwa na gramafoni. Aliitundika ukutani mpaka akafa, ndipo binamu mmoja akaituma Toronto. Katika maisha yake yote santuri ile ilikuwa haijasikilizwa na mtu yeyote.

"Nataka kujua alisema nini," akasema. "Hata kama alichosema ni upuuzi."

Nilipokuwa naandaa mashine akawa anaongea, nadhani kwa ajili ya woga. Akasema usiku halali bila redio, tangu utotoni, na kwamba marehemu mume wake alihamia kwenye sofa mwaka wa pili wa ndoa na hakurudi. Nikacheka. Nilitakiwa kuiweka santuri chini ya taa na kuipitia mfereji kwa mfereji. Lakini alikuwa ananitazama mikono, nami nikataka aone kwamba ninajua. Sikutafuta lenzi. Nikaweka sindano ukingoni, kama nilivyoiweka kwenye santuri mia kadhaa kabla ya hiyo, na sindano ikateleza ikatoka nje. Nikarudia, ikatoka tena. Mara ya tatu niliibana kidogo kwa kidole, ikakwaruza, ikatoka.

Fomu yetu ilikuwa na visanduku vitatu: inachezeka, inachezeka kwa shida, haichezeki. Nikamwambia ukingo umeharibika na sauti haipo. Nikatia alama ya vyema kisanduku cha tatu, nikaweka saini. Bi Corinne akairudisha santuri ndani ya foronya taratibu, akanishukuru kwa kujaribu, akaondoka na kofia yake.

Bwana Anselm aliporudi alisoma fomu zote kwa mpangilio. Alipofika kwenye ile akaniuliza, "Hii uliipitia kwa lenzi?"

"Ndiyo," nikasema.

Akanitazama kidogo, kisha akaenda kuchemsha chai.

Miaka mitatu baadaye tulipokea masanduku ya stesheni moja ya redio iliyofungwa. Kwenye santuri kadhaa mtu alikuwa ameandika kwa penseli: anzia ndani. Nikamuuliza Bwana Anselm maana yake. Akasema mashine nyingine za zamani hazikuanzia ukingoni, zilianza karibu na katikati zikatoka nje, kila mwenye mashine na mapenzi yake. Ukiiwekea santuri ya namna hiyo sindano ukingoni haina pa kwenda, inatoka tu. Lakini ukiangalia kwa lenzi huwezi kukosea, kwa sababu mfereji mtupu wa kuanzia unauona pale katikati.

Nilikaa kitini. Nadhani nilikaa muda mrefu, kwa sababu chai yangu ilipoa. Santuri ya Bi Corinne haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeiwekea saini.

Nikamwambia Bwana Anselm yote, pamoja na lile neno "ndiyo" nililomjibu. Yeye akaishika lenzi kifuani pake, akaigeuzageuza kwenye kamba yake. "Hii nilikwenda nayo Grenada," akasema. "Ilikuwa mfukoni mwa suti ya mazishi. Wewe ungeipitia santuri kwa lenzi gani?"

Uso ulinishuka. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Miaka mitatu ni mingi, lakini nimeona waliochukua zaidi." Kisha akaniambia kwamba wiki ile ile aliyorudi alimwandikia Bi Corinne barua ailete tena ile santuri, na barua ikarudi, alikuwa ameshahama. "Basi mtafute," akasema. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka anastaafu.

Nilimtafuta. Kila kitabu kipya cha simu kilipotoka nilikipitia kwa jina lake la ukoo. Niliandikia makanisa. Mtu mmoja alikumbuka kwamba amekwenda kukaa na binti yake magharibi ya mbali, mwingine akasema amefariki, nami nikakataa kumwamini huyo wa pili bila sababu yoyote ya maana. Katikati ya hayo kazi iliendelea. Kanda zikaondoka, kompyuta zikaja, zikaondoka zikaja nyingine, na kila mara tuliambiwa kwamba hii ndiyo ya mwisho. Bwana Anselm alirudi kwao akaniachia lenzi pamoja na kamba ya kiatu. Alifariki miaka sita iliyopita. Nilimlilia kama nilivyomlilia baba yangu, na sioni haya kusema hivyo.

Mwaka alipofariki ndipo Wanjiku alipoajiriwa. Ana masikio mazuri kuliko yangu na subira nusu ya yangu, kwa hiyo tulipatana. Tuligombana kwa jambo moja tu, ile michakaricho ya santuri za zamani.

"Hiyo noise naitoa na click moja," alikuwa akisema.

"Itoe yote, utatoa na pumzi ya mwimbaji."

"Lakini Auntie, nani anataka kuskia mtu akipumua?"

Nilimwekea wimbo ule ule mara mbili, wenye pumzi na usio na pumzi. Tangu siku hiyo anatoa nusu tu. Ninyi pia toeni nusu.

Nilikuwa nimebakiza wiki sita kustaafu. Tulikuwa tunakula mchana, mimi na sambusa zangu, yeye na wali wa jana. Mama yake huhudumia wazee majumbani mwao upande wa Weston, na Wanjiku alikuwa ananisimulia vituko vya wiki.

"Mum ako na shosho mmoja hapo karibu na mto, ninety-six. Hawezi lala bila redio. Neighbours wanacomplain mpaka management. Na wacha nikushow maajabu, ako na sahani ya chuma kwa pillowcase, anasema ni mamake."

Niliweka sambusa chini. Nikamuuliza kama ana kofia ya zambarau.

"Auntie," akasema Wanjiku, "umejuaje?"

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Weston, ghorofa ya nne ya jengo la zamani. Mama Wanjiku alinifungulia. "Karibu dada, anakungoja tangu asubuhi. Amekataa hata kulala mchana." Bi Corinne alikuwa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, amevaa kofia ndani ya nyumba. Alikuwa amerudi Toronto zaidi ya miaka kumi nyuma, kwa jina la ukoo la mume wa pili, na mimi kwenye vitabu vyangu nilikuwa nikitafuta la wa kwanza. Nikavuta kiti, nikamweleza kwa sauti ya juu kwa sababu masikio yake yamechoka. Nilimwambia kwamba santuri haikuwa mbovu. Nilimwambia sikuiangalia, kisha nikamdanganya bosi wangu kwamba niliiangalia.

Akanikagua. "Nakukumbuka," akasema. "Ulikuwa na haraka."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nayo."

"Na sasa?"

"Sasa nastaafu baada ya wiki tano, na haraka sina."

Akamgeukia Mama Wanjiku akamwambia alete foronya. Nikamweleza utaratibu wetu, kwamba kwanza fundi husikiliza peke yake, ili mwenye mali asije akapata mshtuko. Alikataa hata kabla sijamaliza. Mama yake, akasema, hatasikilizwa na mgeni kabla ya mtoto wake. "Kama shangazi alisema kweli, nataka niusikie ukweli huo mimi mwenyewe. Nina miaka tisini na sita. Nitashtuka mpaka wapi?"

Siku chache baadaye alikuja jengoni kwetu kwa gari la wenye viti vya magurudumu, na Mama Wanjiku ubavuni. Wanjiku alikaa kwenye kompyuta kunakili. Nikaizima spika, nikamvisha Bi Corinne hedifoni, sauti akaipata yeye peke yake. Kisha nikavuta taa ya ubavuni, nikaipitia santuri kwa lenzi kwa dakika ishirini nzima, watu watatu wananingoja, na hakuna aliyeniharakisha. Mfereji mtupu ulikuwa katikati, pale pale ulipokuwa siku zote. Ukingoni niliona kitu kingine: mikwaruzo mitatu. Ile ilikuwa mikono yangu ya mwaka wa kwanza. Na kwa kuwa sauti ilianzia ndani, mikwaruzo ilikuwa imekaa juu ya maneno ya mwisho kabisa.

Nikamwambia hilo pia. Nilimwambia mwisho unaweza usisikike, na kosa ni langu. Akapunga mkono nianze.

Nikaiweka sindano katikati. Ikatulia, ikaanza kutoka nje polepole. Bi Corinne akafumba macho, na kwa kuwa hasikii vizuri, alichokisikia alikipigia kelele chumba kizima.

"Anasema, 'Mama, ni mimi, Lottie!' Ana sauti nyembamba!" Mama Wanjiku akamshika bega. "Anamwambia bibi asikasirike, amekata nywele. Kichwa kimekuwa chepesi, analala bila pini. Anasema sketi inaishia magotini na dunia haijaisha." Akacheka. "Anashona mapazia. Chumba chao kina taa ya kuwashia ukutani, na baba anaiwasha na kuizima kama mtoto. Jumamosi wanakwenda dansi."

Hapo mikono yake ikaukamata ukingo wa meza. Mimi nilikuwa natazama sindano, kwa sababu uso wake sikuweza kuutazama.

"Wananichukua," akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Wananichukua dansini. Ananilaza juu ya rundo la makoti, nyuma ya mpiga piano, mahali anapoweza kuniona akicheza. Anasema tarumbeta zikilia nalala fofofo. Muziki ukinyamaza ndipo naamka na kulia."

Sindano ikafika kwenye mikwaruzo yangu. Niliiona ikiruka mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na kila iliporuka niliuma mdomo. Kisha ikatulia tena. Ilikuwa imebaki mizunguko michache tu.

"Ananitaja jina," akasema Bi Corinne. "Anasema, 'Sema, Corinne. Msalimie bibi yako.'"

"Na wewe unasema nini?" akauliza Wanjiku.

"Nalia tu." Akavua hedifoni, machozi yanamtiririka na meno yote nje. "Mle kibandani hamkuwa na muziki." Kisha akamgeukia Mama Wanjiku. "Wale majirani wa chumba cha pili waambie wakamlalamikie mama yangu."

Nikatoa faili la zamani. Fomu ilikuwamo, imekuwa ya manjano, vyema yangu kwenye kisanduku cha tatu. Nikataka kuifuta mwenyewe, Bi Corinne akaninyang'anya kalamu. Aliikata ile alama, akaweka nyingine kisanduku cha kwanza, na pembeni nikaandika kwa mkono wangu: anzia ndani. Kisha nikaivua lenzi shingoni nikamvisha Wanjiku.

Maneno ya mwisho ya Lottie nimeyasikia mwenyewe siku ya tatu, kwa ruhusa. Ile mikwaruzo inagonga mara tatu, taratibu, kabla ya jina. Wanjiku aliniuliza kama aitoe. Nikamwambia aiache, ikae hapo, na ninyi mkiisikia mjue ni mimi.

Mama Wanjiku ananiambia siku hizi redio ya Bi Corinne imezimwa. Jirani wa chumba cha pili amelalamika tena, mara hii kwamba kimya kinamkosesha usingizi. Wanjiku amemwekea bibi ile sauti kwenye simu, dakika tatu tu, anaibonyeza mwenyewe kila usiku. Kwenye jina lake hajafika bado. Lottie akianza tu habari za makoti na mpiga piano, mtoto keshalala.